Namna Nilivyompatia Kahaso Kazi ya Kudumu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Niliongoza kiwanda cha korosho Kilifi miaka ishirini. Haya, nilikuwa bawabu. Miaka minne. Lakini hata meneja hakuingia mpaka nifungue lango, kwa hivyo mambo ya kazi nayajua.

Mjukuu wangu Kahaso hayajui. Anaandika programu ya kompyuta ya kupangia wageni vyumba vya hoteli, ofisi moja hapa Malindi. Yuko kwenye majaribio. Ijumaa bosi wake, Bi Ndinda, anaamua: apewe mkataba au arudi kukaa nyumbani Muyeye tukodoleane macho. Nimempa siri. Mganga hataji mizizi yake. Akiitaja, wagonjwa watajichimbia wenyewe. Aandike kitu asichokielewa mwingine. Nani atamfukuza?

Jumanne, 10 Juni
Kumbe kwao, ukimaliza kazi, mwenzako huisoma kwanza na kuikosoa. Aibu gani hii. Msomaji ni Musembi, kijana mpole wa Machakos, hodari wa kuuliza. Nimemwambia Kahaso kila kipande cha programu akipe jina la mmoja wa mbuzi wangu. Alicheka. Kisha akaikumbuka Ijumaa, akaacha kucheka. Kakubali.

Jumatano, 11 Juni
Nimevaa viatu, nikaenda kumsifia ofisini. Nikamwambia Bi Ndinda kwamba kazi ya Kahaso haisomeki na mtu yeyote duniani. Alishukuru. Hakutabasamu. Akamwita Musembi papo hapo.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Musembi kamuuliza Kahaso Kibogoyo ni nani na kwa nini anamsubiri Madoa. Kahaso mwenyewe kasahau. Hajui tena mbuzi yupi anapokea wageni na yupi anatoa risiti. Kaja nyumbani macho mekundu.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyotutania, "leo nakupa talaka."

Asubuhi atakiri kosa na kumwomba Musembi msaada. Nikamkataza. Hakunisikia.

Ijumaa, 13 Juni
Walikaa wawili kutwa, wakiwatoa mbuzi mmoja mmoja na kuandika kando kila kipande kinafanya nini. Jioni Bi Ndinda kampa mkataba. Kasema ujuzi huongezeka. Anachotafuta ni mtu anayesema "sijui" mapema, na anayeacha kazi yake wazi wenzake waiendeleze. Bibi huyu hajapata kulinda lango.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari kanisani, wakati wa mahubiri. Kama nisingeivuruga kazi, Kahaso angetengeneza nini mbele ya bosi? Mkataba ni wangu. Kusaini kasaini yeye.

Nasikia Musembi naye yuko kwenye majaribio, yanaisha mwezi ujao. Nimemwalika chai kesho. Mbuzi ninao wengine saba, na majina yao hayajatumika.

Nawe Kahaso, najua unalifungua daftari hili nikilala. Uliniahidi tangu Pasaka kunikuzia maandishi ya simu. Yakuze basi, mke wangu. Nataka nione vizuri namba ya Bi Ndinda, nimsifie na Musembi.