Jivu la Kilomita Mia Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mtafiti msaidizi ni moja. Waombaji wawili: mimi, na Bwana Lenzi, mwenzangu wa ofisini, anayevaa lenzi ya kukagulia mawe shingoni hata akienda msalani. Profesa ametoa sharti. Kuna tabaka la jivu la volkano kwenye genge langu, ule mwamba ninaouchunguza mashariki. Kuna jingine kwenye korongo la Bwana Lenzi, kilomita mia tisa kaskazini. Atakayethibitisha kwamba yote mawili ni ya mlipuko mmoja, yaani ya umri mmoja, kazi ni yake. Miamba itapata umri, mimi mshahara. Dada, ambaye nalala sebuleni kwake, ameuliza nitahama lini. Kwa upendo kabisa.

Jumanne, 5 Machi
Nimuombe Bwana Lenzi jiwe? Mimi? Nimeingia stoo ya mawe saa ya chakula, nikachukua kipande kwenye sanduku lake. Kuna daftari la kutia saini kwa kila jiwe linalohamishwa. Sikulifungua hata kidogo. Mambo ya siri hayaandikwi.

Jumatano, 6 Machi
Mungu wangu! Rangi ile ile, chembe zile zile, na juu ya jivu kisukuku cha konokono wa aina ile ile! Jiwe langu lina nusu ya kulia, lake nusu ya kushoto. Hata maumbile yananiunga mkono. Bwana Lenzi ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia nimekumbuka kichekesho. Nilikuwa namtazama yeye.

Alhamisi, 7 Machi
Dada, mshonaji, ameviangalia vipande vyangu. Amesema hata vitambaa vya jora moja havifanani hivi, mdogo wangu, hebu hakikisha. Mambo ya miamba ayajulie wapi? Nimemsamehe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewasilisha. Slaidi ishirini na sita. Profesa akavichukua vipande viwili, akavisogeza. Tak! Vikaungana. Konokono mzima. Akauliza, kwa ule upole wake unaoua, kama mnyama huyu alisafiri kilomita mia tisa akiwa nusu.
Bwana Lenzi akakohoa. Kumbe mwezi uliopita alivunja jiwe LANGU alilinganishe na yake, akasahau nusu sandukuni mwake! Nikapaza sauti: mwizi! Profesa akafungua daftari. Tarehe, sanduku, saini: vyote vya Bwana Lenzi vimo. Vyangu, hakuna.
Kwa hiyo nimelinganisha genge langu na genge langu, nikagundua lina umri sawa na lenyewe. Nafasi amepewa yeye, eti yeye angalau hutia saini.

Jumatatu, 11 Machi
Adhabu: niandike upya lebo za mawe yote ya stoo. Mia nne na kumi na mawili. Dada amenisihi walau safari hii nijifunze.
Nimejifunza! Jiwe halijui kwao ni wapi. Linaambiwa na lebo. Na kalamu ninayo mimi. Kufikia saa nne asubuhi, korongo la Bwana Lenzi lilikuwa limeshahamia kusini.