Barua ya Moto Kupitia kwa Katibu

Umma ulitangaziwa rasmi kwamba Idara ya Moto imefungua milango kwa mkaguzi mmoja mpya, mwenye akili timamu, viatu vyeusi na moyo wa kufuata taratibu. Milango yenyewe ilikuwa miwili. Ule wa dharura ulipigwa kufuli ili usitumike hovyo.

Mpishi aliitwa wa kwanza. Alikuwa amepikia kantini ya kiwanda miaka kumi na moja, kantini ikafungwa, na sasa ulikuwa mwezi wa nne analala sebuleni kwa kaka yake. Huu ulikuwa usaili wake wa tatu. Mara mbili aliulizwa angefanya nini akiona moto, mara mbili akajibu, "Nauzima," na mara mbili akapata sifuri. Idara ilikuwa na haki kabisa. Mkaguzi mmoja wa zamani aliwahi kuzima moto kabla haujafunguliwa faili, na mpaka leo haijulikani kiofisi kama ile stoo iliungua au iliamua tu kuwa nyeusi.

"Wifi, leo acha ujuaji," mke wa kaka yake alimwambia asubuhi, akimnyoosha kola. "Wape wanachotaka kusikia. Nimechoka kukuruka kila nikienda jikoni."

Mezani walikaa Mwenyekiti na Katibu. Nyuma ya Mwenyekiti, sakafuni, birika la umeme lilichemka chini ya tangazo alilolitia saini mwenyewe: NI MARUFUKU KUCHEMSHA CHAI OFISINI. Waya wake uliochubuka ulipita chini ya koti la Mwenyekiti lililoning'inia kitini, ukaenda hadi kwenye swichi ya ukutani iliyokuwa usawa wa bega la Mpishi.

"Ukiona moto utafanya nini?"

"Nitamwandikia barua mkuu wangu wa kazi, Mheshimiwa. Kupitia kwa Katibu."

Mwenyekiti alifumba macho kwa raha. "Nakala?"

"Tatu."

"Na moto wenyewe?" aliuliza Katibu.

"Utasubiri majibu."

"Huyu kaiva!" alisema Mwenyekiti.

Hapo Mpishi akasikia harufu ya mpira unaoungua. Pindo la koti lilikuwa limeanza kutoa moshi. Ulimi ulimwasha kweli kweli, lakini akaikumbuka ile sebule. Akaomba karatasi, akaandika: YAH: KUUNGUA KWA KOTI LAKO.

Katibu aliisoma, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaiingiza kwenye rejesta, akaipeleka kwa bosi wake, umbali wa kiti kimoja.

"Mwandiko mzuri," alisema Mwenyekiti. "Ila hujaweka kumbukumbu namba. Halafu mbona hapa pananuka?"

"Harufu imo kwenye aya ya pili, Mheshimiwa."

Mwenyekiti aligeuka, akaruka kama kaumwa na siafu. "Moto! Mama, zima!"

"Mimi? Mtu wa nje haruhusiwi kugusa vifaa vya ofisi."

"Nakuajiri!"

"Kwa mdomo tu?"

Fomu ya ajira ilipatikana chini ya dakika moja, rekodi ambayo Idara inajivunia hadi leo. Mwenyekiti alitia saini amesimama, mkono mmoja ukijipapasa makalio. Mkaguzi mpya alihakiki tarehe, akahakiki muhuri, ndipo akabonyeza swichi kwa kidole kimoja. Koti akalitupa chini na kulikanyaga kwa viatu vyake vyeusi. Mfukoni mkadondoka ufunguo wa mlango wa dharura.

Moyoni alifurahi mpaka akataka kupiga kigelegele. Badala yake akachukua karatasi ya pili na kuandika amri ya kuifunga ofisi ile kwa sababu tatu: birika, waya na kufuli. Akaibandika mlangoni, Mwenyekiti akiwa nje.

"Napinga!"

"Ni haki yako, Mheshimiwa. Andika barua."

Mwenyekiti aliandika kwenye korido, karatasi ikiwa juu ya goti, nakala tatu, kupitia kwa Katibu. Mkaguzi aliisoma yote kwa makini, kisha akamrudishia. Hakuwa ameweka kumbukumbu namba.