Paka wa Bi Verna

Delmar Pruitt hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Delmar alifunguliwa mlango, akakaribishwa ndani, akakatiwa hata kipande cha pai. Kazi yake, kama alivyoieleza kanisani na kwenye baa kwa sauti ile ile, ilikuwa kuwasaidia wajane wa mashambani Ohio kuondokana na machuma ya magari ya marehemu. Aliyachukua kwa bei ya kuku, akawauzia wenye nazo wa Toledo kwa bei ya nyumba. Kama huo si utu, basi mimi sijui utu ni nini.

Jumanne moja alikuwa akipita karibu na mji wa Bryan katika pikapu yake nyekundu, tela tupu likigongagonga nyuma. Mlango wa ghala moja kuukuu ulikuwa wazi, shubiri mbili tu, na katika shubiri hizo mbili ilichungulia taa ya nyuma, nyekundu, juu ya pezi la bati kama la samaki. Delmar alikanyaga breki mpaka kahawa ikammwagikia mapajani, wala hakuisikia. Alikuwa amekwisha kuitambua Cadillac Fleetwood ya mwaka 1956, gari la wakubwa wa benki enzi ambazo hakuna aliyeuliza bei ya petroli. Na mteja alikuwa naye tayari. Daktari Lindqvist, daktari wa meno, alikuwa akimsumbua mwaka wa pili huu amtafutie gari hilo hilo, ambalo halijaguswa na fundi yeyote.

Halijaguswa maana yake halijaoshwa. Huku kwetu gari kuukuu ukiliosha umeliua. Mnunuzi anataka vumbi la ghala, kinyesi cha njiwa na nyayo za paka, apate kuwaita majirani waje kuona. Kisha hulifunika turubai gerejini na kwa miaka kumi humwambia mkewe kwamba ataanza kulitengeneza wiki ijayo.

Mwenye ghala alikuwa Bi Verna Stuckey, mjane wa miaka sabini na minane, aproni ya maua, masikio yaliyosikia alichotaka.

"Pole kwa msiba, mama," Delmar alisema, kofia kifuani.

"Msiba gani, mwanangu?"

"Wa mzee."

"Aa, Harlan. Mwaka wa kumi na tisa sasa. Lakini asante, pole haiozi."

Wakaingia ghalani. Vumbi lilikuwa limelala juu ya gari kama blanketi, na paka alikuwa amepita juu yake, kutoka bonneti hadi paa hadi buti. Moyo wa Delmar uliruka. Uso wake ukawa wa mtu anayeleta majibu mabaya kutoka hospitali.

"Mama, sikufichi. Hili ni kaburi la panya. Kutu imelila mpaka mifupani. Watu wa kaunti wakiliona, watakupiga faini."

"Yesu wangu. Na Harlan alivyolipenda, kuliko hata mimi."

"Ningekuondolea bure. Lakini basi, kwa heshima ya mzee, chukua dola mia tano."

"Pesa nizipeleke wapi? Shida yangu mimi ni usafiri. Chakula cha kuku kiko maili tisa, nakisukuma kwa toroli." Bi Verna akashusha pumzi. "Kuna kijana wa Chicago anakuja Alhamisi. Amesema atanipa pikapu yake na tela, tubadilishane. Ila sauti yake kwenye simu haikunipendeza. Wewe una uso wa huruma."

Delmar aligeukia pikapu yake nyekundu pale nje. Pikapu ile na tela lake ndiyo mali yote aliyokuwa nayo duniani. Bila hiyo alikuwa mdomo tu, na mdomo hauvuti magari. Lakini daktari angelipa za kununua pikapu tatu, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Akanyoosha kidole agonge mlango wa gari asikilize mlio wa bati, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili.

"Ngoja nilipanguse kwanza," Bi Verna alisema, akivua aproni.

"Usipanguse, mama, nakuomba." Delmar alimdaka mkono. "Vumbi hilo lina vidudu."

"Nilidhani mnayapenda yakiwa masafi."

"Sisi tunajali afya yako."

Hivyo hakuna aliyegusa. Alama moja ya kidole ingempunguzia dola elfu, na Delmar hakuwa mtu wa kujipunguzia. Akalikagua gari kwa macho, mikono mgongoni, kama mtoto aliyepelekwa kwenye duka la vyombo vya udongo.

Karatasi ya mauziano aliiandika mwenyewe, kwa mkono uliozoea: gari linatolewa kama lilivyo, pikapu na tela vinatolewa kama vilivyo, hakuna kurudishiana, hakuna kulalamika. Sentensi hiyo ilikuwa imewaliza wajane wa kaunti nne. Bi Verna alivaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Umeandika vizuri kweli. Kama wakili."

Wakatia saini na kubadilishana kadi za magari. Kwa kuwa sasa tela lilikuwa la Bi Verna, alimpeleka Delmar na gari lake, limefunikwa turubai vumbi lisipeperuke, mpaka Toledo, kwa mwendo wa kutisha kwa mtu wa toroli, kisha akamdai petroli.

Kesho yake Daktari Lindqvist alifika, akalizunguka gari huku machozi yakimlengalenga.

"Hujaliosha?"

"Dokta, hata kulipumulia sijalipumulia."

Daktari akagonga bonneti kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena, akainamisha sikio.

"Delmar, nimeziba meno ya watu miaka thelathini. Naujua mlio wa kitu kilichozibwa." Akatoa sumaku mfukoni, akaibandika mlangoni. Ikaanguka. Akaibandika kwenye paa. Ikateleza mpaka chini. "Bati liko wapi? Hii ni puti tupu, ule uji wa mafundi wa kuzibia matundu, iliyowekewa taa."

"Labda sumaku ndiyo mbovu, Dokta."

"Na paka je? Tazama nyayo. Zote za mguu mmoja, wa mbele, wa kulia. Amepanda bonneti, amevuka paa, ameshukia buti, kwa mguu mmoja." Akachovya kidole kwenye vumbi, akakinusa. "Na hili limetoka kwenye mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Linanuka zulia."

Alhamisi Delmar aliomba lifti kwenye lori la mahindi, na maili tatu za mwisho akazipiga kwa miguu. Bi Verna alikuwa barazani akimenya viazi. Paka alilala miguuni pake, na miguu yake yote minne ilikuwepo. Mezani kilikaa nusu kiazi kilichochongwa mfano wa unyayo. Pikapu nyekundu ilisimama uani, imeoshwa ikang'aa, na Delmar alipoiona alitamani kulia.

"Umeniibia," alisema.

"Mwizi huvunja mlango, mwanangu. Mimi nilikukaribisha." Akatoa karatasi kwenye aproni. "'Hakuna kurudishiana, hakuna kulalamika.' Huu mwandiko wa nani?"

"Nakwenda polisi, kwa sherifu."

"Nenda, umweleze na ile faini ya kaunti. Ni mtoto wa dada yangu, anapenda sana kucheka." Akamfungia kipande cha pai kwenye karatasi. "Halafu hiyo pikapu inavuta kulia. Ungeniambia, jamani."

Ghala lilikuwa nyuma ya bibi, mlango wazi shubiri mbili, na taa nyingine nyekundu ikichungulia.

Hajafika mbali barabarani, pikapu ya buluu yenye namba za Illinois, jimbo la Chicago, ikasimama kando yake, tela tupu nyuma. Kijana nadhifu akashusha kioo. Kofia alikuwa ameshaiweka kifuani, akijizoeza.

"Samahani kaka, kwa mjane Stuckey ndiko huku?"

"Ndiko."

"Huyo bibi, anajua thamani ya vitu vyake?"

Delmar aliitazama pikapu. Akalitazama tela. Akaitazama barabara iliyobaki mpaka Toledo. Neno moja tu lingetosha kumwokoa kijana wa watu.

"Hajui kitu, maskini," alisema. "Hata paka wake ana mguu mmoja."

Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi, akaingiza gia. Delmar akaendelea na safari yake, akifungua ile pai. Na haki lazima isemwe, ilikuwa pai nzuri.