Ngozi ya Maji: Maneno ya Bwana Sadala Penye Mashimo ya Mtunda

Kwa jina la Mfalme wetu aliye ng'ambo, ambaye hanijui lakini mimi namjua. Kwa salamu za Bwana Gavana aliyeko Dar es Salaam, ambaye mwaka jana nilibahatika kuliona gari lake likipita. Kwa heshima ya Bwana Shauri wa wilaya yetu, aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba angekuja kama asingekuwa na jambo jingine lolote la kufanya. Enyi majumbe, mashehe, walimu wa chuo, wenye mashamba ya mpunga na ya ufuta, wakata mikoko mliotoka Salale, akina mama, wajane, wafiwa, na wote ambao sikuwataja kwa sababu ya ufinyu wa karatasi: assalamu aleikum!

(Watu wanaitikia. Wamekaa chini tangu saa mbili asubuhi, ukingoni mwa mashimo yaliyochimbwa kutoa udongo wa barabara. Mashimo yamejaa maji ya masika. Mbele yao yamesimama mapipa matatu yaliyopakwa rangi nyekundu, yamefungwa kamba na kutiwa lakiri. Mwantumu binti Seleman amekaa mstari wa kwanza. Ana debe tupu, kibatari, na kifuu cha nazi alichokifunika kwa kitambaa.)

Ninayesimama mbele yenu ni mimi, Sadala bin Huseni, Mtazamaji Mkuu wa Maji Yaliyotuama, Kibiti na Visiwani, mtu niliyehudhuria kozi ya siku nne, na siku ya nne nikapigwa picha, na leo, mwaka wa pili tangu vita vikuu kwisha, nimekuja kuwazindulia Skimu ya Kulegeza Ngozi ya Maji, ambayo kwa ukubwa wake, kwa upana wake, na kwa wingi wa mafaili yake, haijapata kuonekana katika nchi hii.

(Makofi. Tarishi wa ofisi, Mohamedi, ameanza yeye kupiga, kama alivyoagizwa. Mkono mmoja ameshika kandili ya ofisi iliyojaa mafuta, kwa hiyo anajipiga pajani.)

Wako watakaouliza mashimo haya kumi na moja yametoka wapi. Swali zuri. Yametokana na Skimu ya Udongo wa Barabara, ambayo pia niliiongoza mimi, na ambayo iliyaacha wazi kwa makusudi ya kitaalamu, ili skimu hii ya leo ipate mahali pa kuanzia. Barabara yenyewe iko katika hatua ya kufikiriwa. Kwa mujibu wa takwimu nilizokusanya mwenyewe nikiwa ndani ya chandarua, mbu wa Mtunda ni elfu arobaini na moja na kidogo, na katika hao, asilimia mia moja na tatu wamezaliwa humu mashimoni.

(Mwantumu anasimama. "Samahani, Bwana Mkubwa. Mafuta tutapewa saa ngapi? Nimemwacha mwanangu Mrisho na bibi yake, homa imempanda tangu alfajiri. Shimo liko nyuma ya nyumba yangu, hatua ishirini.")

Mama, keti. Sayansi haikatizwi katikati. Nakujua, na ofisi inakujua. Ombi lako la mafuta tulilipokea mwezi wa Rajabu, ulipofiwa na yule binti yako mkubwa, na lilitiwa mhuri siku ileile. Leo ndiyo siku ya kujibiwa, lakini mtu hawezi kupewa mafuta kabla hajaelewa mafuta yanafanya nini, kwa maana akipewa bila kuelewa, atayapikia.

(Mwantumu anaketi. Hajibu kwamba mafuta ya taa hayapikiwi.)

Tuanze na jambo la kwanza: maji yana ngozi. Msicheke! Chembe za maji hupendana na kuvutana. Zilizo chini huvutwa na wenzao pande zote, lakini zilizo juu kabisa hazina mwenzao wa juu, kwa hiyo huvutwa ndani na pembeni tu, zikakazana, zikawa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ndiyo maana mdudu hutembea juu ya maji asilowe miguu, na ndiyo maana sindano hii ya chuma, nikiilaza juu ya bakuli hili kwa ustadi niliofundishwa, itaelea mbele ya macho yenu.

(Sindano inazama. Anaitoa. Inazama tena. Bibi Mwamvua, aliyeiazimisha, anasema: "Ipitishe kwanza kichwani mwako, mwanangu, umejipaka mafuta ya nazi ya kutosha. Halafu ilaze taratibu, usiitupe kama nanga." Bwana Sadala anaipitisha kwenye nywele. Sindano inaelea. Vigelegele.)

Kama nilivyopanga. Mara mbili za kwanza nilikuwa nawaonyesha jinsi isivyotakiwa kufanywa. Sasa jambo la pili: ngozi hiyo hiyo ndiyo inayolikunja tone la maji likawa mviringo, kwa sababu ngozi hupenda kujibana iwe ndogo kadiri iwezavyo, na ikijibana, kilichomo ndani hukandamizwa, kikawa na msukumo unaozidi ule wa nje, msukumo ambao sisi ofisini tunauita presha ya ziada. Na hapa, waheshimiwa, pana siri ambayo nyinyi mlikuwa hamuijui na mimi nilikuwa siijui hadi siku ya tatu ya kozi: kadiri tone linavyokuwa dogo, ndivyo presha ya ndani inavyokuwa kubwa. Upana ukipungua nusu, presha inakuwa mara mbili. Na kiputo cha sabuni kina ngozi mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo presha yake ni maradufu ya ile ambayo ingekuwamo kama kingekuwa na ngozi moja.

(Dadi, mkata mikoko wa Salale, aliyekuja siku mbili kwa mtumbwi na kwa miguu, anasema kwa sauti: "Hilo hata kwetu lipo. Nyumba ikiwa ndogo, ndani ndiko kuna msukumo." Watu wanacheka. Mwantumu anatazama upande wa nyumba yake.)

Cheka, Bwana Dadi, lakini tazama. Mohamedi, weka chini kandili, lete mabua mawili ya majani ya mpapai, jembamba na nene, na yale maji ya sabuni. Mimi napuliza kiputo kikubwa kwenye bua nene, naziba nyuma kwa kidole. Mohamedi anapuliza kiputo kidogo kwenye bua jembamba, naye anaziba. Hiki kikubwa, cheupe, kinachong'aa, ni Ofisi. Hicho kidogo cha Mohamedi ni nyinyi, wananchi wa Mtunda. Sasa tutayachomeka mabua haya, moja ndani ya jingine, njia iwe wazi baina yetu, na hapo mtaona kwa macho yenu jinsi mkubwa anavyommiminia mdogo, kidogo kinenepe, kikubwa kipungue kwa huruma, mpaka tulingane, na hiyo ndiyo roho ya skimu hii.

(Wanachomeka mabua. Kiputo cha Mohamedi kinaanza kusinyaa. Kinasinyaa, kinasinyaa, kinabaki utando bapa kwenye mdomo wa bua. Kiputo cha Bwana Sadala kimevimba zaidi.)

(Dadi: "Bwana, hicho kidogo kimekwenda wapi?")

Kimejiunga.

(Dadi: "Kwa hiari yake?")

Kwa hiari ya sayansi! Nimetangulia kuwaambia kwamba mdogo ndiye mwenye presha kubwa, na mwenye presha kubwa ndiye mwenye ari ya kutoa. Angalieni basi moyo wa kujitolea wa kiputo hiki, ambacho hakikubakiza hata pumzi moja kwa ajili yake mwenyewe. Hata hili nililipanga.

(Kiputo kikubwa kinampasukia kwenye masharubu. Mohamedi anageuka kando, mabega yanamtikisika kwa kicheko.)

Jambo la tatu, na ndilo lililotukusanya. Mama Mwantumu, hapo kifuuni mna nini?

(Mwantumu anafunua kitambaa. "Viluwiluwi, Bwana. Nimewachota shimoni leo asubuhi, nikuonyeshe walivyo wengi. Marehemu binti yangu Zena alikuwa akiwaita wachezaji ngoma, kwa vile wanavyokata viuno. Alikuwa akikaa pale ukingoni akiwaimbia." Hakuna anayecheka.)

Ahsante kwa maelezo, ingawa hayamo katika ratiba. Basi hawa wachezaji ngoma ndio watoto wa mbu. Huja juu, hujining'iniza kwenye ngozi ya maji kwa bomba dogo la mkiani, na kwa bomba hilo huvuta pumzi. Ngozi ikiwa imara, wananing'inia na kukua. Ukitia tone la mafuta, mafuta hutanda, ngozi hulegea, viluwiluwi wakija kujitundika hawaoni pa kushika, na bomba huzibika. Kuwathibitishia, nitahitaji tone la mafuta.

(Dadi: "Mapipa hayo hapo, Bwana. Matatu.")

Mapipa yana lakiri, na lakiri haivunjwi bila fomu ya nakala tatu, na nakala ya tatu haijafika.

(Dadi: "Basi kandili. Imejaa mpaka shingoni.")

Kandili ni mali ya ofisi, imesajiliwa pamoja na mafuta yake, na ni ya kuniwashia mimi njiani nikichelewa kwa ajili yenu. Je, hapana raia mwema mwenye tone la mafuta? Tone tu!

(Watu wanatazamana. Tangu vita, mafuta ya taa yamekuwa haba, dukani wanapimiwa kwa kijiko. Mwantumu anakiinua kibatari chake, anakitikisa kusikia kilichomo. "Haya ni ya kumwashia Mrisho jioni," anasema. "Homa ikimpanda huogopa giza. Lakini chukua, Bwana, kama ndiyo njia ya kupata hayo ya mapipani.")

Huo ndio moyo wa kiputo kidogo! Hesabuni nami: moja, mbili, tatu... mama, kifuu ni kidogo, lakini hotuba ni kubwa, tuongeze... nne, tano, sita. Tazameni! Mafuta yanakimbia yenyewe mpaka ukingoni, hayakusukumwa na mtu, rangi zake kama shingo ya njiwa. Na wakati tukisubiri, nitawasomea barua tatu za kunisifu, mbili kati yake nimeziandika mwenyewe kwa idhini ya wahusika.

(Anasoma. Hakuna anayemsikiliza. Watu wamesogea, wameinama juu ya kifuu. Viluwiluwi wanapanda, mikia inatafuta pa kushika, wanateleza. Wanapanda tena. Kabla ya barua ya tatu kwisha, wa mwisho ametua chini, ametulia. Mwantumu ndiye wa kwanza kusema, kwa sauti ndogo: "Kumbe ni hivi tu. Matone sita." Anakifunika kifuu. "Zena asingependa kuona." Halafu anainua uso. "Lakini Mrisho yupo. Sasa fungua mapipa, Bwana.")

(Sauti nyingi: "Fungua! Fungua, Bwana Mkubwa!")

Ari yenu inanigusa, nami nitaijibu kwa namna inayostahili, yaani kwa mwito. Nikisema "Mafuta", nyinyi semeni "Juu ya Maji"! Mafuta!

(Watu: "Yako wapi!")

Mmekaribia sana. Mbu!

(Watu: "Tunao!")

Tutalifanyia mazoezi. Imebaki shukrani, na shukrani ni adabu, kwa hiyo naomba kila mtu abaki mahali pake. Namshukuru kwanza mfanyabiashara mmoja wa ufuta wa Ikwiriri, aliyetuazima mapipa haya matatu matupu kwa ajili ya sherehe, na ambaye lori lake litayafuata kabla ya alasiri, kwa hiyo msiyaguse, rangi haijakauka. Naishukuru Kamati ya Skimu, ambayo itateuliwa. Nawashukuru wapiga mafuta wetu kumi na wawili, vijana hodari, ambao hawajaajiriwa. Nawashukuru wakubwa wa juu, kwa barua yao ya tangu mwaka jana, iliyonijulisha kwa lugha ya adabu kubwa kwamba skimu ya jina hili hawaijui, hawajaiidhinisha, wala hawana nia ya kuianzisha, barua ambayo nimeihifadhi vizuri sana. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Mwantumu binti Seleman kwa matone yake sita, ambayo, waheshimiwa, ndiyo mafuta yote ambayo skimu hii imepata kuwa nayo.

(Mwantumu ameshika kibatari kwa mikono miwili. Anasimama, anaacha debe lake tupu pale lilipo, anaelekea shimo la nyuma ya nyumba yake. Bibi Mwamvua anamfuata. "Ngoja, mwanangu. Nami ninacho kijiko kimoja nyumbani." Dadi anasimama, halafu mwingine, halafu mstari mzima.)

Mnakwenda wapi? Sijafunga mkutano! Mnaweza kutawanyika tu baada ya mimi kutamka neno "tawanyikeni"! Vema. Nachukua hatua hii kuwa ni mwamko. Mohamedi, andika katika ripoti: wananchi wa Mtunda waliipokea skimu kwa mwendo wa haraka. Andika na idadi, weka mia sita. Kisha chukua kandili twende, giza lisije likatukuta njiani... Mohamedi? Kandili iko wapi? Mohamedi!

(Mohamedi amekwisha kunja suruali. Yumo katika shimo la nyuma ya nyumba ya Mwantumu, maji yanamfika magotini, kandili ya ofisi mkononi. Ameifungua kifuniko na kuiinamisha. Mwantumu amesimama ukingoni, kibatari chake bado kina mafuta ya jioni.

"Polepole, kaka," anamwambia. "Tone moja moja. Yanatanda yenyewe.")