Gramu Kumi za Jasho

Wananchi mnatangaziwa, na wasiokuwepo waambiwe na waliokuwepo, kwamba mji wetu sasa unapima jasho. Hatujasikia mji mwingine unaopima, kwa hiyo sisi ni wa kwanza, na aliye wa kwanza hana wa kumwambia amepotea njia.

Kazi hii iko chini ya Idara ya Juhudi za Magurudumu, ile yenye mlango wa bluu juu kabisa ya kilima, jirani na tangi la maji. Nazungumza kama mtu wa ndani. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Jasho Halali. Mwongozo ulitaka kamati iwe na "mwakilishi mmoja wa magoti yaliyokomaa", na siku hiyo Mkurugenzi alipochungulia dirishani aliniona nashuka kwenye baiskeli nimeshika kiuno. Nikaitwa ndani, nikapewa kalamu na soda, nikawa serikali.

Sababu ya kupima jasho ni nzito. Baiskeli za umeme zimekuwa nyingi, na Mkurugenzi aliporudi kutoka semina ya siku nne alituambia ameona jambo la kusikitisha: watu wanapanda kilima bila kuteseka.

"Baiskeli kwa asili yake ni chombo cha jasho," alisema. "Mtu akifika juu mkavu, alichopanda si baiskeli. Ni pikipiki iliyojificha ndani ya baiskeli."

Tukatikisa vichwa. Ukiwa umekalia kiti chenye mto, maneno ya namna hiyo yanaingia vizuri. Ikapitishwa kwamba mwenye chombo cha betri atatoa jasho lisilopungua gramu kumi kutoka sokoni hadi mlango wa bluu, na atakayeshindwa chombo chake kitakwenda yadi. Likabaki swali la jasho litapimwaje, maana halikai kwenye kijiko. Nikanyoosha mkono, nikasema kitambaa. Mtu apewe kitambaa kilichopimwa, ajifute njiani, kipimwe tena akifika. Kilichozidi ndicho jasho lake. Wakanipigia makofi. Sikuwaza hata kidogo kwamba na mimi nina shingo.

Baiskeli yangu ni ya umeme, ya kupandia milima, matairi yake yana meno kama gunzi. Binti yangu alinipatia baada ya magoti kunigomea. Ilikuwa imetumika, na ilikuja mgonjwa: breki zinalia, shokapu za mbele zimelala, betri ikifika nusu ya kilima inaaga. Nikaipeleka kwa Fundi Kimya. Jina hilo alipewa na watu waliochoka kumsikiliza.

Tulikwenda naye polepole, kitu kimoja kimoja, kama mtu anayelea mtoto wa uzeeni. Kwanza pedi za breki. Halafu shokapu, akazijaza upepo kulingana na uzito wangu, ambao nilimtajia sikioni. Halafu gia kubwa ya nyuma, pana kama sahani, ili mguu uzunguke mwepesi kilima kinaposimama. Mwisho betri mpya, na mota akaiseti: namba moja ya tambarare, namba mbili ya sokoni, namba tatu ya kilima. Ya nne na ya tano akanikataza.

"Bibi, hizo ni za watu wenye haraka na wasio na wajukuu."

Na mimi haraka sina, nina dada. Dada yangu mkubwa anaishi juu, nyuma ya tangi, na ana kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Muuguzi alinifundisha: kifungwe upya kila asubuhi kabla jua halijakaza, la sivyo kinaloa na kurudi nyuma. Nilipokuwa nakwenda kwa miguu nilifika saa tano, mikono inatetemeka. Kwa baiskeli nafika saa mbili, mikono imetulia, na umbea wa sokoni bado wa moto.

Wiki ya majaribio nikajitolea kupimwa wa kwanza, niwe mfano kwa umma. Anayepima tunamwita Binti wa Mizani, msichana mwembamba mwenye miwani, na kazi yake yote duniani ni kusoma namba anayoiona. Anapima kitambaa sokoni, anapanda na gari la idara, anakupokea juu.

"Gramu moja, bibi."

"Tazama vizuri, mwanangu."

"Nimetazama. Na hiyo moja nadhani ni mafuta ya nywele."

Nikapewa karatasi ya njano: siku saba za kurekebisha jasho, baada ya hapo yadi.

Dada yangu aliisoma karatasi ile mara mbili, mguu juu ya stuli.

"Huu upuuzi wa kitambaa ameuleta nani?"

"Kamati."

"Nakuuliza nani kwenye kamati."

Nikaendelea kukunja bandeji.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe tangu utotoni ukipewa soda unakubali chochote."

Nikashuka moja kwa moja hadi kwa Fundi Kimya.

"Irudishe nyuma," nilimwambia. "Iwe nzito mpaka nitoe gramu kumi."

Akaweka spana chini. "Bibi, mimi kazi yangu kuponya. Unaniambia nimtie mgonjwa homa?"

"Homa kidogo. Ya kisheria."

"Unajua nimeitafuta ile gia kwa muda gani? Unajua nimelala na ile mota kichwani siku ngapi? Mke wangu aliniuliza, huyo Mota ni nani, mbona unamtaja usingizini."

Alisema mengi zaidi, lakini alifanya. Akaishusha mota chini ya namba moja, akatoa upepo kwenye matairi, akasogeza pedi za breki ziume kidogo hata usipozishika. Alifanya ameangalia pembeni, kama mtu anayechinja kuku aliyemlea mwenyewe.

Kesho yake nikatia guu. Mbele ya duka la vyombo nilikuwa tayari nahema. Kwenye kona ya fundi cherehani nikashuka, nikaanza kusukuma, na baiskeli yenye betri ukiisukuma ndipo unajua betri ni nini. Watu wakinipita wakisema pole bibi, nami nikiwajibu kwa mkono, pumzi ya maneno sina. Mlango wa bluu niliuona saa sita kasoro.

"Gramu kumi na nne," alisema Binti wa Mizani, akanipigia muhuri wa kijani wa siku hiyo. "Hongera, bibi. Wewe ndiye mwendesha baiskeli halali wa kwanza."

Nilipofika kwa dada, bandeji ilikuwa imeloa, imeanguka chini. Alijaribu kujifunga mwenyewe akashindwa, na sakafu alikuwa ameifuta kwa kile kitenge chake kizuri, nisione. Nikapiga magoti. Mikono ilikataa. Nilifunga mara tatu ndipo ikakaa, na mara zote tatu alishika ukingo wa kiti bila kusema kitu. Dada yangu akikosa neno la kunichoma, ujue mambo yameharibika.

Jioni ile ile nikarudi kwa fundi, muhuri wa kijani mkononi.

"Irudishe ilivyokuwa," nikasema. "Na usibakize."

"Na sheria?"

"Sheria itanikuta mkavu."

Akaimba kazi nzima. Akaweka na cheni mpya, akakataa kuizungumzia.

Siku ya saba ikawa ndiyo siku ya uzinduzi rasmi. Juu, mbele ya mlango wa bluu, kulikuwa na turubai, viti na kipaza sauti. Chini sokoni kulikuwa na utepe, na nyuma ya utepe Mkurugenzi amekaa juu ya baiskeli mpya ya idara, siti bado ina nailoni. Hakuna aliyeigusa kuiseti. Ilikuwa namba tano tangu kiwandani. Afisa Itifaki, mtu wa suti hata jua likiwaka, alikinyunyizia marashi kitambaa cha Mkurugenzi, ili jasho la kiongozi liwe na heshima, ndipo akamkabidhi Binti wa Mizani akipime.

Mkurugenzi akakata utepe, akakanyaga pedali mara moja. Yaliyofuata yalikuwa kati yake na kiwanda. Alipanda kilima tai ikiwa nyuma ya bega, kitambaa kikipepea mkononi kama bendera, na mimi nikamfuata kwa namba tatu yangu, taratibu, nikisalimia watu. Nilipofika turubai Binti alikuwa ameshapima, na kifungu cha nne kinasema matokeo yasomwe hadharani.

"Mheshimiwa Mkurugenzi. Kutoka gramu thelathini na moja hadi gramu ishirini na mbili. Jasho: kasoro tisa."

Waliokaa nyuma wakapatwa na kikohozi.

"Andika kumi," alisema Mkurugenzi kwa upole, akisahau kipaza sauti kiko wapi.

"Mheshimiwa, kifungu cha sita. Karani huandika alichokiona. Saini yako iko chini yake."

"Mtu hawezi kuwa na jasho kasoro."

"Ndiyo maana nimepima mara tatu, mheshimiwa."

Halafu akapima na kitambaa changu, akasoma. Gramu moja.

Kamati ikakaa papo hapo chini ya turubai. Mjumbe mmoja akapendekeza jasho la Mkurugenzi liitwe ukavu wa kimkakati. Mwingine akaona liitwe jasho lililotangulia kukauka. Mkurugenzi akawashukuru wote, akasema suala lake ni la kitaalamu, litaundiwa kamati ndogo, ila umma usicheleweshwe.

"Tuanze na bibi," alisema. "Chombo chake kiende yadi leo, iwe funzo."

Mlinzi wa yadi akashika usukani wa baiskeli yangu. Nikauona mguu wa dada juu ya stuli, nikaiona ile sakafu. Nikanyoosha mkono.

"Naomba mwongozo, mwenyekiti. Utepe leo amekata nani?"

"Mimi," alisema Mkurugenzi.

"Na maji ya kunywa hapa, amepewa nani kwanza?"

"Mimi, ndiyo. Swali lako, bibi?"

"Sina swali, nina aibu. Kwenye kamati hii ya watu ishirini na watatu mimi ndiye wa mwisho kwa cheo. Nimelelewa. Naanzaje kumtangulia mkubwa kwenda yadi?"

Macho yote yakamgeukia Afisa Itifaki. Huyu ndiye aliyewahi kuzuia watu mlangoni mvua ikiwanyeshea, mpaka wajipange kwa vyeo ndipo wakimbie. Akafungua kitabu chake.

"Ni kweli," alisema. "Itifaki haichagui tukio. Anaanza wa juu."

Baiskeli ya idara ikaenda yadi na nailoni yake. Mlinzi akarudi kuuliza nani anafuata, na Binti wa Mizani, ambaye hana ubaya na mtu, akainua kalamu.

"Samahani. Kifungu cha kwanza kinasema chombo chochote chenye magurudumu na betri. Gari la Mheshimiwa nimepanda nalo asubuhi. Betri linayo. Na ndani nilisikia baridi."

Wakaangalia kifungu. Walikiandika kirefu makusudi, ili mtu asiponyoke, na kweli hakuponyoka mtu. Likaenda gari la Mkurugenzi. Likafuata la Naibu, akiwa ameshika kitambaa kikavu kama karatasi. Yakafuata ya wakuu wa vitengo, mmoja mmoja, kwa cheo, Afisa Itifaki akiwaita majina na kuwafungulia mlango washuke. Alipofika namba kumi na mbili, ambayo ni yeye mwenyewe, yadi ikajaa na geti likakataa kufunga.

Mimi ni namba ishirini na tatu. Nikapewa karatasi nyeupe yenye mihuri miwili: chombo kiendelee kutumika kikisubiri zamu yake.

Mnaouliza kwa nini sheria isibadilishwe, utaratibu upo na uko wazi. Inabadilishwa na kamati, kamati inakaa juu saa tatu kamili, na wajumbe wanaopanda kwa miguu wanafika saa sita, muda ambao ofisi inafungwa kwa mapumziko. Mwezi wa pili huu akidi haijatimia. Mimi nafika kila kikao, nakunywa soda, naandika kwamba nimefika, nakwenda kwa dada. Kidonda kimeanza kufunga pembeni, na dada amerudia kunitukana vizuri.

Jana nimemkuta Mkurugenzi kwenye kona ya fundi cherehani. Koti begani, viatu vimejaa vumbi, kitambaa mkononi kinadondoka matone.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mheshimiwa. Naona kazi inaendelea."

Nikaishusha mota hadi namba mbili, tukaenda sambamba. Alitembea akiitazama keria yangu.

"Hiyo ya nyuma, bibi, inabeba mtu?"

"Inabeba. Fundi ameikaza vizuri."

"Basi nisogeze. Hata nusu ya njia tu."

Nilimhurumia, sisemi uongo. Nikamwomba kile kitambaa, nikakipima kiganjani kama mtu anayenunua nyama. Kilikuwa kizito, gramu arobaini hazikosi, jasho safi la kisheria. Nikamrudishia.

"Ningekupakia, mwanangu," nikamwambia, "ila utafika mkavu."

Nikaweka namba tatu.