Mfalme wa Alama Moja

Habari ililetwa na Redio. Walimpa jina hilo kwa sababu hakutoka nyumbani bila redio yake ndogo mkononi, na kwa sababu hata redio ikizimwa, yeye alikuwa hazimiki. Asubuhi hiyo alifika kwenye benchi la kahawa na kisa cha mkulima mmoja wa ng'ambo aliyepoteza jembe shambani, akaazima detekta, kile chombo kinacholia kikisikia chuma chini ya ardhi, akaanza kupapasa udongo, na badala ya jembe akafukua chungu kizima cha sarafu za kale. Sasa sarafu ziko makumbusho, ndani ya kioo, na jina la mkulima limeandikwa chini yake.

"Na jembe?" akauliza Mkasi.

"Jembe hawakusema."

"Basi hiyo habari haijaisha."

Mkasi alikuwa fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, na kazi yake ya pili, ambayo wateja walidhani ndiyo ya kwanza, ilikuwa kucheza drafti. Ubao alikuwa nao magotini muda wote. Kete zilikuwa vizibo vya soda, na kila alipokula kete ya mtu aliupiga ubao kwa kishindo hadi vikombe vya Shangazi, muuza kahawa wao, vikacheza kwenye sinia.

Mzee waliyemwita Profesa alikaa pembeni yao. Alikunywa kahawa yake taratibu, mkono mmoja umeingia mfuko wa koti, vidole vimekumbatia kitu kilichofungwa kwenye leso.

Hakuwa profesa wa chochote. Maisha yake yote alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha uchapaji, akiwapa wenzake karatasi wachape majina ya watu wengine. Alipostaafu akajiandikisha shule ya usiku, akakaa dawati moja na watoto wa rika la wajukuu zake, akafaulu. Jina la Profesa lilitolewa kijiweni kwa dhihaka. Yeye akalipokea kama cheti. Na moyoni alikuwa na kiu moja. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu, kwenye cheti cha shule ya usiku na kwenye kadi ya kliniki, na alitamani mahali pa tatu pawe pa heshima kuliko kliniki.

Detekta aliipata kwa mkwewe, aliyekwenda kusaka dhahabu akarudi na chombo hicho na kikohozi. Tangu hapo Profesa alizurura viwanjani na ndoo na koleo, vipokea sauti masikioni, akiinama kama mtu aliyedondosha meno. Alivyopata aliviosha kwa mswaki, jambo lililomfanya mkewe aanze kuficha miswaki, kisha akavikagua kwa kioo cha kukuzia na kuvitambua mwenyewe. Ncha ya mkuki wa kale aliyoitangaza hapo kijiweni iligeuka bawaba ya mlango. Pete ya malkia ilikuwa ya kufungulia kopo la soda. Kila kosa aliita hatua ya utafiti, na kwa hesabu hiyo alikuwa amepiga hatua nyingi sana.

"Mkulima wa watu kapata chungu," Mkasi akaendelea, akipanga vizibo. "Wetu hapa akipiga detekta, inalia kwa huzuni."

"Cheka," Profesa akasema. "Leo kuna mtu anakuja."

"Nani?"

"Mama mmoja wa makumbusho. Nilimpigia simu, tukaelewana."

Redio akaizima redio yake. Hata Shangazi akaiacha kahawa imiminike nje ya kikombe.

Hapo ndipo Profesa alipoifungua leso. Ndani mlikuwa na kipande cha shaba cha mviringo, kinene, kijani kwa kutu, kama kizibo kikubwa. Upande mmoja ulijaa mikwaruzo iliyopangwa, mmoja baada ya mwingine, kuzunguka ukingo wote. Upande wa pili ulikuwa na mkwaruzo mmoja peke yake.

Akawaeleza kwa utulivu wa mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo. Hicho, alisema, ni kitu cha miaka mia tatu, kama si zaidi. Kilikuwa cha wafalme wawili waliopakana. Kila aliyeshinda vita alichora alama upande wake.

"Huyu wa alama nyingi alikuwa jemadari hasa. Mtu wa vitendo. Sasa geuza. Huyu wa alama moja alikuwa mnyonge. Kwa uchunguzi wangu alikuwa msemaji tu, anakaa kutwa nzima akijisifu, amezungukwa na wapambe wasiojua lolote. Hiyo vita moja nayo huenda alishinda kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa."

"Namhurumia," akasema Redio.

"Usimhurumie. Watu wa namna hiyo ndio waliochelewesha maendeleo."

Mkasi alinyoosha mkono, akakichukua. Alipitisha kidole gumba juu ya zile alama nyingi, polepole, kama anayepapasa mshono alioushona mwenyewe. Akakigeuza. Uso ukambadilika. Akakirudisha kwenye leso bila dhihaka hata moja, na hilo peke yake lilimtia Profesa wasiwasi.

"Umekifukua wapi?" Shangazi akauliza.

"Kwenye lile tuta nyuma ya kinu."

"Tuta la kinu nalijua. Siku greda lilipotung'oa pale kwenye kona yetu ya zamani, udongo wote ulipakiwa kwenye lori ukaenda kumwagwa kule. Nililikimbilia lori lile kwa sababu ya jiko langu la mafuta. Jiko nikalipata, kifuniko cha tangi sikukiona. Si ninyi mlikuwa mmekichukua mkichezee?"

Profesa alisikia koti linambana.

Kumbukumbu ilimjia yote kwa mpigo. Kwenye kona ya zamani kete ikifika upande wa pili na kuwa kingi, walikuwa wakibebanisha vizibo viwili, na Mkasi akipiga ubao vinaanguka. Wakachukua kifuniko cha shaba cha jiko la Shangazi kikawa kingi. Kati ya Mkasi na Profesa, aliyeshinda siku hiyo alichora alama upande wake kwa tupa ya kunolea mikasi. Na kwa miaka yote iliyofuata Profesa alikuwa akiapa kwamba aliwahi kumfunga Mkasi mara moja, jioni moja kabla ya greda, na Mkasi akisisitiza kwamba hajawahi kufungwa na mzee yule tangu azaliwe. Wengine siku hiyo walikuwa wamekwenda kuangalia greda likishushwa. Ushahidi, Profesa alizoea kusema, ulizikwa.

Na yeye ndiye aliyeufukua, akausugua kwa mswaki, akaukagua kwa kioo cha kukuzia, na asiujue. Macho yaliyotafuta wafalme hayakuwa na nafasi ya kuona kifuniko cha jiko.

Kabla hajameza mate, gari dogo likasimama na mama wa makumbusho akashuka na begi lake. Akawaamkia, wakamsogezea kiti. Profesa aliinama, akaikodolea leso macho. Aliyesimama kumpokea ni Mkasi.

"Karibu mama. Kitu chenyewe hiki. Cha kale sana. Profesa wetu amekichunguza kitaalamu."

Ilikuwa mara ya kwanza Mkasi kutamka Profesa bila kucheka. Neno lile lilimwingia mzee kama kahawa ya moto tumboni. Aliona kioo, taa ndogo juu yake, na jina lake chini, lote, pamoja na la baba. Angenyamaza tu, basi.

Mama akavaa miwani. "Na hizi alama?"

"Huyu ni mfalme mkubwa, jemadari," Mkasi akasema, akikohoa kidogo kwa adabu. "Huku nyuma hakuna kitu. Huo mmoja ni jeraha la koleo. Mkiusugua kidogo tu, unatoka."

"Usiuguse," akasema Profesa.

Alikuwa amesimama bila kujua.

"Nisamehe, mwanangu, nimekusumbua. Hiki ni kifuniko cha jiko la Shangazi. Tulikuwa tukichezea drafti. Huyu jemadari wa vita nyingi ndiye huyu anayekuhadaa. Na yule mnyonge, msemaji, mwenye wapambe wasiojua lolote, ni mimi."

"Wapambe ndio sisi?" akauliza Redio.

"Ndio ninyi. Lakini alama yangu ipo. Itazame."

Mkasi akaruka. Akasema mzee kachanganyikiwa na jua, hicho kitu ni cha miaka mia tatu, historia yake aliieleza mzee mwenyewe, na ni aibu mtu msomi kuidharau historia. Profesa akauliza ni historia gani yenye harufu ya mafuta ya taa. Wakabishana hivyo, yule aliyeicheka bawaba akitetea ufalme, na mwenye ufalme akitetea jiko, mpaka mama akainua mkono. Akakigeuza, akakinusa, akakikagua mara ya pili chini ya mwanga.

"Ni kifuniko cha jiko," akasema. "Na hii si alama ya koleo. Imechorwa kwa tupa, kwa makusudi, kama zile nyingine."

"Kwa hiyo?" akauliza Mkasi.

"Kwa hiyo mzee alishinda mara moja."

Profesa akamgeukia Redio. "Umesikia? Hiyo ndiyo habari ya kutangaza. Serikali imethibitisha."

Mama alipewa kahawa. Aliporudi garini Mkasi alimfuata hadi mlangoni, bado akimsihi asikubali kushindwa haraka, wataalamu hukosea. Shangazi akasema kifuniko ni chake. Profesa akamwomba amwachie kidogo, akakisafishe. Akakunjua leso, akaitemea mate kidogo, akaanza kusugua kwa uangalifu, upande mmoja tu, ule wa alama moja.