Chumba Kisicho na Dirisha

Jumatatu, 26 Februari

Ukuta wa chumba kipya umefika kiunoni. Hapo ndipo madirisha huanza. Fundi kauliza yakae wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, akidhani sijasikia. Hakuna hata moja, nikamjibu. Akaweka mwiko chini, akataka kujua humo atakaa mtu au vitunguu.

Atakaa mama mkwe, nikasema. Anaogopa upepo.

Si uongo mtupu. Mama mkwe akija kututembelea hulala kwenye kochi la sebuleni, miguu ikining'inia. Nilipomwambia mke wangu kwamba nitaongeza chumba ubavuni mwa nyumba kwa ajili ya mama yake, alinikumbatia akalia. Na mimi, huku bega limelowa, nilikuwa nawaza projekta. Giza totoro, ukuta mmoja mweupe, spika kila pembe. Sinema yangu mwenyewe, nyumbani kwangu! Mama mkwe huja mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote chumba kikae bure? Ni dhambi.

Na kuna jirani. Mtaa mzima tunamwita Kanali, ingawa hajawahi kulinda hata geti. Ana televisheni pana kama mlango. Hutualika jioni, mimi akinikalisha kwenye stuli nyuma ya friji, kisha filamu ikinoga hupunguza sauti ili atueleze kinachotokea. Tunaona, Kanali. Tuna macho.

Jumatano, 28 Februari

Mke wangu kaja kukagua. Kazunguka nje, kazunguka ndani, kauliza madirisha yako wapi. Nikataja vumbi, mbu na wezi, kwa mpangilio huo. Akasema mama yake hupenda kuona nani anapita njiani. Nikasema dirisha linaweza kutobolewa baadaye. Akauliza kwa nini sakafu ina ngazi, nyuma juu, mbele chini. Nikasema ni kwa ajili ya mazoezi ya magoti.

Kumbe magoti ya mama mkwe ni mazima kabisa. Mwenye magoti mabovu ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba kimeezekwa bati. Leo nimepata viti! Gereji moja wanavunja basi la masafa marefu, nikachagua sita vyenye kitambaa kizima. Kimoja ukikilaza hakinyanyuki tena, lakini nimekipenda. Nimevisukuma kwa mkokoteni katikati ya mtaa. Kanali alikuwa getini kwake, bila shaka. Akauliza basi lenyewe linafika lini. Wapita njia wakacheka. Nikacheka pia, kwa meno tu.

Mke wangu nimemwambia ni viti vya wageni wa mama. Akanitazama sana.

Jumanne, 12 Machi

Nafanya kazi ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Leo mama mmoja alikuwa anaeleza jinsi bomba lake linavyotoa upepo badala ya maji, nami natikisa kichwa huku nachora spika. Aliponyamaza nikamwambia sauti itakuwa safi kabisa. Akaenda kwa mkuu wangu. Nimeonywa.

Nyumbani nimebandika trei za mayai ukutani ili sauti isitoke nje. Gundi iliisha, nikakoroga unga kwenye maji ya moto. Inashika vizuri ajabu.

Alhamisi, 14 Machi

Sisimizi.

Wamekuja kwa safu tangu uani, wamepanda ukuta wote, wanakula unga nyuma ya trei. Nimewapiga mafuta ya taa. Sasa chumba kinanuka kama jiko bovu. Mke wangu anauliza unga umekwenda wapi. Nimeshauri tule wali.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepaka rangi. Kuta tatu na dari ni nyeusi, wa mbele ni mweupe. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, mke wangu akasimama mlangoni. Nikajiandaa kueleza kwamba hiyo ni rangi ya kwanza tu.

“Unamchimbia mama yangu kaburi?” akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu. Akaketi kwenye kiti cha basi, akanieleza kwamba mama yake alipiga simu asubuhi. Mtoto wa jicho amekomaa. Haoni tundu la sindano, hawatambui majirani zake, juzi kamsalimia mbuzi. Atapasuliwa, na akitoka hospitali atakuja moja kwa moja hapa. Anaogopa, mke wangu akasema. Hajawahi kumsikia mama yake akiogopa.

Nikashuka ngazi. Sikujua brashi niiweke wapi.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamka nimeazimia kusema kweli. Nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa anamenya viazi, akanitangulia. Amewaambia kaka zake kwamba katika wakwe wote wa mama, aliyeinua tofali ni mimi peke yangu. Nikaanza kumenya viazi.

Alipotoka kwenda kwa rafiki yake, nilijifungia chumbani nikawasha projekta niliyoinunua kwa siri, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeifunga juu chini, kwa hiyo farasi alikuja mbio miguu ikiwa hewani na mpanda farasi akining'inia kama popo. Lakini alikuwa mkubwa kama lori! Vumbi lake nililihisi puani. Nilikaa nimeinamisha kichwa mpaka shingo ikakakamaa. Sijui lini nimewahi kuwa na furaha namna ile.

Kisha nikaona jicho. Ukuta wa nyuma una tundu la kupitishia waya, na kwenye tundu palikuwa na jicho la Kanali. Likakonyeza, likaondoka.

Jumanne, 26 Machi

Siku nzima sikutulia. Ofisini nimegonga mihuri kichwa chini. Nimempisha Kanali barabarani mara kadhaa kwa kujifanya nafunga kamba za viatu, ingawa nilivaa kandambili.

Jioni mama mkwe amefika, jicho moja limefungwa bandeji. Kapungua. Mke wangu alikuwa na maelekezo ya daktari, akatusomea sebuleni: mgonjwa akae kwenye mwanga hafifu. Asipigwe na upepo. Asipate vumbi. Asisumbuliwe na kelele. Alale kichwa kimeinuka.

Akakunja karatasi. Akatazama mlango wa chumba kipya, kisha akanitazama mimi.

“Kumbe ulijua,” akasema, machozi yakamtoka.

Mungu anisamehe. Niliinamisha kichwa kama mtu asiyependa kusifiwa.

Kile kiti kisichonyanyuka kinamfaa mgonjwa kana kwamba kilitengenezwa hospitalini. Kanali kaja kumjulia hali. Akasimama katikati ya chumba, akaanza kunisifu mbele ya wote: giza hili, utulivu huu, hata tundu la hewa jirani yangu hakulisahau. Alisifu mpaka jasho likanitoka. Wakati wa kuondoka akaninong'oneza kwamba Jumamosi ana filamu, niwahi stuli yangu.

Jumapili, 31 Machi

Mama mkwe hajawahi kulala vizuri hivi, anasema. Hasikii hata jogoo. Mimi silali. Projekta iko chini ya kitanda chetu, nikijigeuza inanigusa mgongo kupitia godoro. Jana nilikwenda kwa Kanali. Alieleza filamu yote, pamoja na mwisho.

Leo mke wangu kaniomba nikae na mama asije akawa mpweke. Nikaketi safu ya mbele. Akaniuliza kuhusu kazi. Akaniuliza kuhusu magoti. Kisha akanigeukia.

“Mwanangu,” akasema, “lililofungwa ni jicho moja. Ukuta mmoja mweupe, kuta tatu nyeusi, viti vyote vinatazama huko. Baba yake mkeo alinichumbia ndani ya sinema. Unadhani sijui nimelazwa wapi?”

Nikatafuta uongo. Ajabu, sikuupata hata mmoja. Akasema hana kinyongo, chumba ni kizuri, ila mtoto wake asidanganywe. Bandeji inatoka Alhamisi. Siku hiyo nilete mashine yangu, na kabla ya kuiwasha nimwambie mke wangu kweli kwa kinywa changu. Nikaapa.

Alhamisi, 4 Aprili

Bandeji imetoka. Nikaleta projekta. Mke wangu akauliza hicho ni nini. Nikafungua kinywa nikajisikia nikisema kwamba daktari ameshauri mazoezi ya macho.

Mama mkwe akakohoa.

Nikaanza upya. Nikasema yote: madirisha, ngazi, viti, unga. Nikasema siku ile alipolia begani kwangu nilikuwa nawaza spika. Hilo hakuna aliyenilazimisha kulisema, lilitoka lenyewe. Mke wangu akainuka. Akazima taa, akaketi karibu na mama yake, akasema washa.

Picha ikaja, safari hii kichwa juu. Filamu yenyewe ya kawaida, watu wawili wanatembea bustanini wakigombana. Mama mkwe akasogea mbele. Akavua kitambaa chake kichwani, akakishika mapajani.

“Majani,” akasema. “Jamani, mti una majani moja moja.”

Ni miaka alikuwa anaona miti kama madonge ya kijani, hakumwambia mtu. Tukamwangalia yeye badala ya filamu. Mke wangu alimshika mkono mpaka mwisho. Hata mimi macho yalinichoma, nikasingizia mafuta ya taa.

Taa zilipowaka, mke wangu akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Mama harudi kwake, anabaki nasi. Chumba ni chake, moja kwa moja. Na fundi aje Jumamosi na tindo.

Jumapili, 7 Aprili

Jana fundi katoboa dirisha. Kubwa, katikati ya ukuta mweupe! Nilisimama pale nikitazama skrini yangu ikianguka vipande vipande. Mama mkwe ameketi hapo tangu asubuhi, anasalimia kila apitaye, anamsifia kila mtu nguo yake. Ameniambia hiyo ndiyo sinema. Nimecheka kwa adabu.

Mke wangu ameanza kusema nami. Leo chai yangu ilikuwa na sukari. Nimemwahidi kwamba uongo nimeuacha kabisa, hata ule mdogo wa ofisini, na wakati naahidi nilikuwa namaanisha.

Mchana nikawa nawaza afya ya mama. Mtu aliyetoka kupasuliwa anahitaji mayai. Mayai freshi, ya nyumbani. Nimemshauri mke wangu tujenge banda la kuku kule nyuma, la tofali, lenye dari ya juu, maana kuku wanahitaji hewa. Na lenye giza, maana gizani hutaga kwa utulivu. Amefurahi. Amesema anaona nimebadilika.

Fundi amekuja kupima. Ameuliza kuku watakuwa wangapi.

Sita, nimemwambia. Wawili mbele, wanne nyuma.